Dakika Thelathini na Sita

Kando ya Ziwa Suwa,
Siku ya ishirini na nane, mwezi wa saba,
Mwaka wa ishirini na mbili wa enzi ya Meiji.

Kwako Dada Tose,

Pokea salamu zangu kwa mikono miwili, wewe na Shemeji Gensaku na watoto wote. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba mvua za mwezi uliopita hazikuubomoa ule ukingo wa shamba la mpunga ambao Shemeji aliujenga upya mwaka jana. Goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho uliandika kwamba linakuuma ukishuka kwenda mtoni, na kwamba dawa ya yule mganga mpita njia haikukusaidia ila kukunukisha. Kwa upande wangu, mwili hauna ugonjwa. Nasema mwili tu, kwa kuwa hayo mengine utayasoma huko mbele, na nakuomba usome mpaka mwisho hata ukifika mahali utakapotamani kuichana karatasi hii.

Barua yako niliipata mwezi wa sita, pamoja na kile kifurushi cha vichipukizi vya mlimani ulivyovichuma na kuvikausha mwenyewe. Uliandika kwamba ni kitu kidogo tu cha kuomba radhi. Uliniomba radhi mimi, Dada, kwa aibu ambayo binti yako Riyo alinitia mbele ya mwajiri wangu. Nimeisoma barua hiyo mara nyingi hadi karatasi imelegea kwenye mikunjo. Vile vichipukizi niliviloweka, nikavipika kwa mchuzi wa soya kama alivyokuwa akipika Mama, nikavila vyote peke yangu. Vilikuwa vitamu sana. Utamu huo umenikaa kooni mpaka leo.

Ili unielewe sina budi kuanzia mbali kidogo, kwa kuwa wewe uliolewa Hida mapema na mengine hukuyaona kwa macho yako.

Unaikumbuka karakana ya Baba, kule Matsumoto nyuma ya ngome. Siku hizo mchana, kuanzia kucha hadi kuchwa, uligawanywa vipande sita, na usiku vipande sita, na vipande hivyo vilirefuka na kufupika kulingana na majira. Kipande cha mchana wa kiangazi kilikuwa kirefu, cha kipupwe kifupi. Baba alitengeneza saa zinazojua kufanya hivyo. Kila baada ya siku kumi na tano alizungukia nyumba za wakubwa, akasogeza vile vizito viwili vidogo kwenye fimbo ya saa, na saa ikaenda polepole au haraka kama jua la majira hayo lilivyotaka. Alikuwa akisema kwamba saa nzuri hulitii jua kama bibi harusi mgeni anavyomtii mama mkwe: kwa nje inainama, ndani ina akili zake. Mama alikuwa akimrushia kitambaa cha jikoni kila aliposema hivyo.

Halafu, miaka kumi na sita iliyopita, serikali ikatangaza kwamba siku ya tatu ya mwezi wa kumi na mbili haitakuwapo. Siku hiyo itakuwa Mwaka Mpya, tutafuata kalenda ya Magharibi, na mchana na usiku vitagawanywa katika saa ishirini na nne zinazolingana, kiangazi na kipupwe, jua lipende lisipende. Mama alikuwa hajatwanga hata mchele wa mikate ya sikukuu. Nakumbuka alisimama jikoni na mchi mkononi akauliza ule mwezi uliobaki umepelekwa wapi, na nani atamrudishia.

Wateja wa Baba wakaanza kurudisha saa. Mmoja, ambaye Baba alimhudumia miaka ishirini, alisema bila ubaya wowote, “Fundi, hii sasa ningeifanya pambo la ukumbini, ila inachukua nafasi.” Baba akacheka naye, akampa chai. Mteja alipoondoka, akaifungua ile saa, akaipaka mafuta kila gurudumu, akaifunga, akaiweka kabatini. Hakutengeneza saa nyingine tena.

Nami nilikuwa na miaka ishirini, ndiyo kwanza mikono yangu imeanza kuwa ya fundi. Niliona watu wakibadilika. Zamani mtu alikwambia mkutane jua likifika juu ya msonobari wa hekaluni. Aliyetangulia aliketi akavuta kiko chake, aliyefuata akafika, basi. Hakukuwa na aliyechelewa. Sasa kulikuwa na dakika, kitu ambacho bibi yetu aliishi na kufa bila kukihitaji. Shuleni mtoto alichelewa, kambini askari alichelewa, ofisini karani alichelewa, na kila aliyechelewa aliinamisha kichwa kama mwizi. Baba alisema watu wamepewa kosa jipya la kukosa.

Wakati ule wa ukiwa wa Baba, baada ya Mama kufariki, ulimleta Riyo akae naye, ili apate wa kuzungumza naye. Alikuwa na miaka tisa, akakaa mpaka kifo cha Baba. Najua unakumbuka, lakini hukuwaona pamoja kama mimi. Baba alimfundisha kupima wakati kwa kijiti cha ubani kinachoungua, kwa kivuli cha nguzo, kwa mapigo ya moyo wake mwenyewe. Walikuwa na mchezo wao. Baba alimfunga macho, akamwambia aketi hadi kijiti kiishe, kisha aseme. Riyo aliketi kama kinyago, halafu akapaza sauti, “Sasa!” Baba akanigeukia na kusema, “Naojiro, mjukuu wangu huyu ana saa kichwani. Sisi tuna vyuma tu.”

Baada ya mazishi nilikuja huku ziwani nikapata kazi katika kiwanda cha hariri cha Bwana Kanbara. Kuna wasichana mia tatu, na katika ukumbi wa kuvutia nyuzi kuna saa ya Kimarekani yenye kimo cha mtu mzima. Kazi yangu ilikuwa kuitunza saa hiyo, na kumpa ishara mtu wa tanuri apige king'ora cha mvuke. Saa kumi na nusu alfajiri, king'ora: kazi inaanza. Saa sita, king'ora: chakula. Saa sita na nusu, king'ora tena. Saa kumi na mbili na nusu jioni, cha mwisho. Wasichana hawaruhusiwi kuwa na saa, na hata wangeruhusiwa wasingekuwa nazo. Kwao wakati ulikuwa kile nilichosema mimi.

Miaka miwili iliyopita, mwezi wa tatu, ulimleta Riyo kwa miguu kupitia njia ya theluji, wewe na goti lako. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Ulinikabidhi getini, ukaniambia, “Naojiro, huku mimi sina macho. Macho yako ndiyo yangu.” Ukageuka ukaenda zako bila kutazama nyuma, nami nilijua kwa nini hukutazama.

Riyo alikuwa akiniita Mjomba, na wasichana wote wakaiga. Baadaye wakaongeza, nikawa Mjomba Dakika. Asubuhi nikipita kati ya mabakuli ya maji ya moto wanamochemshia vile vifuko vya viwavi wa hariri, mmoja hatakosa kuniambia, “Mjomba Dakika, ibembeleze hiyo saa yako ikimbie kidogo, njaa imenikaba!” Mwingine anasema, “Mwache, huyo ameioa. Akiikasirisha atalala nje.” Msimamizi wao, Hyodo, anawafokea, “Mnadhani hariri itajivuta yenyewe? Midomo chini, mikono juu!” Wanacheka chinichini, na kazi inaendelea. Vidole vyao huwa vimevimba na kuwa vyeupe kwa maji, kama vya watu waliozama. Riyo alikuwa mwepesi kuliko wengi wa umri wake. Nilijivuna kwa ajili yake, na nilikuandikia hivyo, na katika hilo sikudanganya.

Mwezi wa nne mwaka huu alinijia baada ya chakula, nikiwa nafuta kioo cha saa. Aliniuliza kwa sauti ndogo, “Mjomba, saa inaweza kuchoka mchana?”

Nilimwambia saa si punda.

Akacheka, lakini hakuondoka. Alisema amekuwa akihesabu mabakuli yake. Asubuhi, kuanzia saa nne hadi saa sita, anamaliza mabakuli kumi ya vifuko. Mchana, kuanzia saa nane hadi saa kumi, anamaliza kumi na moja. Ni saa mbili huku na saa mbili huku, na mchana ndio vidole vinauma na macho yanafumba, sasa iweje afanye kazi zaidi akiwa amechoka? Alikuwa amehesabu hivyo siku arobaini. Nilimjibu kwamba vifuko vya mchana huwa vimelainika zaidi, na kwamba asijisumbue na mambo ya mafundi. Akainama, akasema, “Haya Mjomba,” akarudi kwenye bakuli lake.

Laiti ingeishia hapo. Lakini kulikuwa na msichana aitwaye Mine, mwenzake wa benchi moja, ambaye aliungua mkono akapelekwa kwa tabibu mjini. Alipotoka kiwandani saa yetu ilionyesha saa kumi kamili. Alipopita mbele ya ofisi ya simu za maandishi, hatua chache tu kutoka getini, saa ya pale ilikuwa imeshavuka kumi na dakika ishirini. Mine akamweleza Riyo. Riyo akaweka hilo pamoja na mabakuli yake, akawaambia wenzake wa benchi, nao wakawaambia wengine, na baada ya siku tatu hakuna aliyeitazama ile saa bila kumnong'oneza jirani yake.

Hyodo akasikia. Siku ya kumi na mbili ya mwezi wa tano, baada ya chakula cha mchana, Bwana Kanbara aliwakusanya wote kwenye ukumbi wa kulia. Hakupaza sauti. Alisema kwamba kuna mtu kati yao anayekiita kiwanda hiki kiwanda cha wezi, na kwamba angependa amsikie kwa masikio yake. Riyo akasimama. Hakuna aliyemtaja, Dada, alisimama mwenyewe. Akaeleza kuhusu mabakuli, taratibu, kama mwanafunzi anayesoma ubaoni. Mine alikuwa ameinamisha uso, mkono wake uliofungwa kitambaa umefichwa chini ya meza.

Bwana Kanbara akasema basi, tuna bahati, kwa kuwa fundi wa saa hizi yupo hapa, baba yake alikuwa fundi wa ngome, na zaidi ya hayo ni mjomba wa binti mwenyewe, hawezi kumwonea. Akanigeukia, akaniuliza mbele ya wasichana mia tatu kama saa ya kiwanda iko sahihi.

Nikasema iko sahihi.

Nilipaswa kuishia hapo, hata katika uovu huo. Hakuna aliyeniuliza la zaidi. Lakini niliona nyuso zile zinangoja, niliona hawajaniamini bado, nikaongeza. Nilisema kwamba mpwa wangu huyu tangu utotoni hakuwa na kichwa cha hesabu, na kwamba hata babu yake alikuwa akilalamika.

Nilidhani atabisha. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi wake. Dada, hakubisha. Alinitazama kidogo kwa mshangao, kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo, kisha akasema, “Kama Mjomba amesema hivyo, basi nimekosea mimi.” Akapiga magoti pale sakafuni akamwomba radhi Bwana Kanbara, akamwomba radhi Hyodo, akawaomba radhi wenzake kwa kuwatia wasiwasi. Mwisho akanigeukia akaniomba radhi na mimi.

Jioni hiyo alifukuzwa. Jina lake likaandikwa kwenye orodha ambayo wenye viwanda vya ziwani hupeana, ili asipokewe popote. Nilimsindikiza hadi mwanzo wa njia ya mlimani. Nilimpa vitumbua vya ngano viwili vya kula njiani. Aliniambia nisihuzunike, na kwamba atakueleza wewe mama yake vizuri ili usinilaumu mimi.

Na kweli alikueleza, ndiyo maana ukaniandikia. Uliniandikia kwamba ulimpiga kofi, wewe ambaye hukuwahi kumpiga mtoto. Kwamba Shemeji hasemi naye. Kwamba wale watu wa kijiji cha chini waliokuja kumposea kijana wao wamerudisha maneno yao kwa adabu, maana nani anataka mkamwana mzushi. Hayo yote niliyasoma nikaweza kupumua. Lile nililoshindwa kupumua nalo uliliandika mwisho kabisa, kama jambo dogo: kwamba Riyo siku hizi hathubutu kuhesabu chochote. Akiokota mayai anamwita mdogo wake wa miaka saba amhesabie. Ukimwuliza jua linasemaje, anakwambia yeye hajui, aulizwe mtu mwingine.

Sasa soma polepole, Dada Tose.

Riyo hakukosea. Saa ya kiwanda ilikuwa ya uongo kila mchana, na mkono ulioifanya iwe ya uongo ni huu ninaokuandikia.

Mwezi mmoja baada ya wewe kumleta Riyo, Bwana Kanbara aliniita ofisini. Alisema viwanda vingine hurudisha mshale nyuma alasiri, naye angependa nifanye hivyo, nusu saa tu. Ningeweza kukataa. Ningeweza hata kukubali kwa shingo upande, nikarudisha mshale kama mjinga yeyote, na wasichana wangeuona ukiruka na uongo usingemaliza wiki. Badala yake nilimwambia kwamba njia hiyo ni ya kishamba. Nilimwambia ipo njia safi zaidi. Ni mimi niliyempa, Dada. Ndani ya saa ile kuna uzito unaoning'inia kwenye fimbo na kubembea. Ukiuteremsha kiasi cha upana wa kiganja, unabembea polepole zaidi, na kila saa inakuwa ndefu kidogo, bila mshale kuruka, bila mtu kuona. Saa sita na nusu, nikijifanya naitia ufunguo, niliuteremsha. Jioni, wakiwa kwenye chakula, niliupandisha na kusogeza mshale mbele. Ile kazi aliyokuwa akiifanya Baba kwa ajili ya jua, nilimfanyia Bwana Kanbara.

Utauliza kwa nini. Nimejiuliza mwenyewe. Sikutishwa, wala sikupewa kitu. Ni kwamba miaka kumi na nne hakuna mtu aliyehitaji kile ambacho Baba alinifundisha. Nilikuwa mtu wa kutia ufunguo na kufuta kioo. Siku ile Bwana Kanbara alipiga paja lake akasema, “Kumbe fundi bado yuko hai!” nami nilitoka ofisini nikitembea kama kijana. Kwa neno hilo moja niliwauza.

Tena yeye alitaka nusu saa. Alama ya kuteremshia uzito niliyoichora kwenye fimbo ilikuwa chini kidogo kuliko inavyotakiwa, na mchana mzima ulizidi kwa dakika thelathini na sita. Nilijua. Sikujisumbua kuirekebisha. Siku ile ukumbini, Hyodo alimwuliza Riyo kwa dhihaka kwamba basi atuambie, huyo profesa, tunaibiwa kiasi gani. Riyo alisema kwa hesabu ya mabakuli anapata thelathini na sita. Wakacheka. Katika ukumbi ule mtu mmoja tu alijua kwamba hakukosea hata dakika moja, naye ndiye aliyesimama akasema hana kichwa cha hesabu.

Tangu nilipopata barua yako niliendelea hivyohivyo siku kumi na tisa. Sitaki ufikiri kwamba niliisoma nikatubu papo hapo. Siku kumi na tisa nilifungua mlango wa saa nikauteremsha uzito, huku nikijiambia kesho.

Siku ya ishirini sikuuteremsha. Hakukuwa na sababu maalumu. Nilifungua mlango, nikautazama ukibembea, nikaufunga. Jioni nikampa mtu wa tanuri ishara kwa wakati wa kweli, na king'ora kikalia. Wasichana wakatoka uani wakasimama. Hawakujua la kufanya, Dada. Jua lilikuwa bado limepiga milima ya ng'ambo, na ziwa linang'aa. Miezi yote hiyo walizoea kutoka giza likiingia. Walitazamana kama watu walioshuka mahali wasipopajua. Mmoja akanipigia kelele, “Mjomba Dakika, leo saa yako imeugua?”

Nikawaambia. Niliwaambia pale uani, kwa sauti kubwa kadiri nilivyoweza: uzito, alama, dakika, na kwamba Riyo alisema kweli na mimi nilisema uongo. Nilipofika kwenye jina la Riyo nikaanza kulia. Mine akaja mbele, yule aliyeungua mkono. Nilidhani atanitemea mate. Akasema, “Usitulilie hapa, Mjomba Dakika. Ungelia siku ile.” Halafu akaongeza, “Na mimi ningesema siku ile.” Nyuma mtu akauliza tangu lini. Nikajibu, miaka miwili na miezi mitatu. Nikasikia wanazidisha kwa midomo, siku kwa dakika, kundi hapa kundi pale, na msichana mmoja mdogo akaanza kusema, “Mbona ni nyingi? Mbona ni nyingi hivyo?”

Bwana Kanbara aliniambia nifunge mizigo yangu. Alisema pia kwamba nisijifanye mtakatifu, maana njia ile nilimwonyesha mimi. Ni kweli. Kesho yake, nikiwa nje ya geti na kifurushi changu, nikasikia king'ora cha saa sita na nusu kinalia, na hakuna aliyeingia ndani. Walikaa uani, kwenye vumbi, mia tatu, wakimtazama Hyodo anavyozunguka na kufoka. Sikuona saa kutoka nilipokuwa, lakini najua walikaa muda gani, kwa sababu walikuwa wakihesabu kwa pamoja, kwa sauti. Walipofika mwisho wa hesabu yao, wakainuka wakaingia kazini.

Sijui kama kitabadilika kitu. Nasikia ameletwa fundi mwingine kutoka mjini.

Naambatisha karatasi ya pili yenye muhuri wangu. Humo nimeandika kwa kifupi nilichofanya na kwamba Riyo hana hatia, kwa maneno ambayo mzee wa kijiji anaweza kuyasoma mbele ya watu. Nakuomba awepo Shemeji, na wawepo wale watu wa kijiji cha chini. Nao wakirudi na posa yao, mwulize Riyo kwanza kama bado anawataka. Barua hii ndefu msomee yeye mwenyewe, nyote wawili tu, na lile kofi ulilompiga uliandike kwenye hesabu yangu mimi.

Nitaondoka keshokutwa kwa miguu, nifike kwenu siku tatu nne baada ya barua hii. Sitaingia ndani. Nitasimama chini, pale njia inapokatia kuja kwenu, na mtoto mmoja anaweza kutumwa kuniambia. Usinikaribishe wewe, Dada, hata kama moyo wako utalegea, maana nakujua. Mwache Riyo aseme. Akisema nirudi nilikotoka, nitageuka. Akisema nisubiri, nitasubiri, na muda wa kusubiri ataupima yeye.

Nisalimie watoto. Mwambie Shemeji asipande juu ya paa na mvua hizi. Ujikande hilo goti kwa maji ya moto kabla ya kulala, na ujitunze.

Ni mimi mdogo wako niliyekosa,
Naojiro